Mbwa wa Mwalimu Ana Kazi Gani

Kwanza ungesikia njuga. Kisha ungemwona mbwa, wa kahawia, mwembamba, sikio moja limekatika ncha. Hatua kumi nyuma yake angetokea Mwalimu: shati jeupe la pasi, suruali ya kitambaa, kofia ya kiua, kamera kifuani, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa utadhani anakwenda kukagua gwaride. Naye anakwenda topeni. Tangu alipostaafu nimemwona akitoka hivyo karibu kila asubuhi, na sijawahi kumkuta njiani na ndara. Ukimuuliza kwa nini anaviadhibu viatu vizuri namna ile, alikuwa akijibu kwamba njia ni mwenyeji wako, na kwa mwenyeji huendi ovyo ovyo.

Kijiji chetu kiko kati ya Wete na Wingwi, kando ya barabara ya lami. Lami yenyewe Mwalimu hakuihesabu kuwa njia. Alizokuwa akizitafuta ni zile za ndani: za ng'ombe, za wachumaji karafuu, za kuteremkia mabonde ya mpunga, na zile ambazo hata mwenye shamba hajui nani alizianza. "Lami ni ya magari," alisema, "mie si gari." Maneno hayo aliyasema mara nyingi mno, hata watoto wa madrasa wakawa wanamwigiza mbele yake, naye anawasahihisha sauti.

Alitusomesha jografia, na ingawa alitutajia mito ya dunia nzima kwa majina, yeye mwenyewe safari yake ya mbali ilikuwa Tanga, tena alirudi kwa boti ya kwanza iliyopatikana. Alipokuwa kazini, mwanafunzi akikosa siku mbili tu, Mwalimu alimfuata kwao kwa miguu. Hapigi simu, hatumi barua. Unakula muhogo wako kwa raha, unasikia hodi, unamwona yeye mlangoni, amelowa mpaka magotini, anamwuliza mama yako hali ya nyumba kwa adabu zote kana kwamba amekuja kuposa. Ndivyo alivyozijua njia. Na kwa sababu hiyo zilikuwa na majina ambayo hayamo katika ramani yoyote: Njia ya Mtoro wa Hesabu, Njia ya Pacha Wawili, Njia ya Aliyesema Bibi Yake Kafa. Ya kwetu aliiita Njia ya Muongo wa Homa. Muongo huyo ni mimi.

Alipostaafu, binti yake, anayefanya kazi ofisini Unguja, alimletea kamera ndogo ya dijitali. Nafikiri alitaka baba apige picha za wajukuu sikukuu. Mwalimu akachukua daftari la kurasa nyingi, akaziandika njia zote alizozikumbuka, zikafika sitini na nne, akaanza kuzipiga picha moja moja. Kila njia picha tatu: pale inapoanza, pale inapochoka, na pale inapoishia. Hiyo ya pili ilikuwa na mashaka. Njia inachoka wapi? Aliweza kusimama nusu saa akitafuta pale hasa. Na kama mtu anapita, anamsubiri apite. Watu hakuwapiga kabisa. Nilimuuliza sababu, akasema watu wana simu zao, wanajipiga wenyewe mchana kutwa, lakini njia haijipigi.

Mimi nina duka dogo la vifaa vya kuandikia pale Wete, fotokopi na picha za paspoti. Kila Jumatatu Mwalimu alikuja na kadi yake ya kamera ndani ya bahasha, nami nikazihamisha picha kwenye kompyuta huku yeye amekaa, daftari magotini, ananisomea: "Kulia mikarafuu michanga. Kushoto muhogo. Mbele jiwe la kusagia lililovunjika." Nilikuwa naikagua picha kwa macho, navyo vyote vimo. Nikijaribu kumsifu kwa kukumbuka, alikereka. "Sikumbuki, mwanangu. Nimeandika nilichokiona. Ungeandika na weye ulichokiona, si ungefaulu?" Nilipata alama thelathini na moja katika mtihani wake wa mwisho, na hajawahi kuniachia nisahau.

Sasa habari ya mbwa, maana ndiyo iliyomsumbua zaidi kuliko tope.

Alimpata kwa wasasi, wale wanaowinda nguruwe mwitu wanaofukua mashamba. Kila mbwa wao humvisha njuga ili wamsikie akiingia msituni. Huyu alikuwa na kasoro moja tu: akiwaogopa nguruwe. Akinusa nguruwe anarudi nyuma ya miguu ya watu na kutetemeka. Wasasi walitaka kumfukuza, Mwalimu akapita na kamera yake, akaulizana nao habari mbili tatu, na jioni akarudi kijijini na mbwa na njuga zake. Akampa jina Doria. Mkewe Mwalimu ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na wengi walisema angekuwa hai, mbwa yule asingevuka hata mchungwa wa uani.

Hapa kwetu mbwa ana mipaka yake. Wa kuwinda anakubalika, wa kulinda shamba na mifugo anakubalika. Wa kutembea naye tu, hilo lina maswali. Mwalimu aliyajua hayo kuliko wengi, kwani alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Doria alilala kibandani nje, mbali na kizingiti, na hakuingia ndani hata mvua ya masika ikimwagika. Njiani Mwalimu alibeba kidumu cha maji na mfuko wa udongo safi, mfuko wa nailoni umefungwa kwa mpira. Mbwa akiramba chombo cha mtu, Mwalimu anavua saa, anakunja mikono ya shati, anakosha mara saba kama dini inavyoagiza, ya kwanza kwa udongo, akihesabu kwa sauti ili mwenye chombo asiwe na wasiwasi. Siku moja Doria aliramba bakuli la muuza uji mmoja karibu na Konde. Mwalimu akachuchumaa, akakosha, akahesabu, bakuli likang'aa. Yule mama akatazama, kisha akaingia ndani akatoka na sufuria iliyoungua. "Na hino je, Mwalimu? Haikurambwa, lakini mikono yako nimeipenda."

Walipomuuliza mbwa wake ana kazi gani, alikuwa na jibu moja: "Analinda kamera." Watu walicheka, naye akacheka, na mambo yakapita. Ilikuwa ni rahisi kumsamehe, kwa sababu alikuwa hashindani. Ukimlaumu alikusikiliza mpaka mwisho, akakushukuru, na kesho yake akapita na mbwa wake kama kawaida. Nilimpenda sana kwa hilo. Kwa hilo pia nilitamani wakati mwingine kumshika mabega nimtikise.

Jumatatu moja nikafungua kadi yake, nikaona picha ya mawingu. Ya pili majani yaliyokosa umbo. Ya tatu nusu ya mbwa na kidole. Nikadhani kamera imeharibika. Mwalimu alikuwa ameshaanza kunisomea: kulia mipapai, kushoto kisima cha zamani, mbele mteremko. Nikapitisha zote, picha kumi na mbili. Hakuna mpapai, hakuna kisima. Nikanyanyua macho kumtazama, na hapo nikaona kwamba daftari lake amelishika kichwa chini.

"Mwalimu," nikamwambia, "hizi picha hazina njia."

Akalifunga daftari polepole.

"Zina nini?"

"Mbingu. Majani. Mbwa."

"Mbwa yumo?" akauliza, na kidogo akatabasamu. Kisha akaniomba nifunge mlango wa duka.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimwambia zamani, na dawa akazitia, lakini pembe za macho zikaendelea kufunga, sasa kumebaki tundu dogo katikati, nalo lina ukungu. Njia zilizobaki alikuwa akizitembea kwa kusikia. Doria anatangulia, njuga zinalia, Mwalimu anafuata sauti. Njuga zikisimama, naye anasimama, kuna shimo au kuna ng'ombe. Hakuna aliyemfundisha. Mbwa aliona tu bwana wake anajikwaa, akapunguza mwendo. "Kamera naibeba," alisema, "ili watu wasiniulize nakwenda wapi."

Nikamwambia aseme basi. Watu watamsaidia, na hata hayo maneno ya mbwa yatakwisha. Akatikisa kichwa.

"Nkisema leo hapa, kesho mwanangu kasikia Unguja. Nshamuahidi, macho yakikataa namfuata. Ana chumba changu tayari, ghorofa ya tatu, kina feni na vigae. Nlikilala wiki mbili. Unajuwa nlikuwa nafanya nini? Nahesabu ngazi. Nkimaliza nazihesabu tena. Yeye hana kosa. Mtoto mwema. Ila kule ntakufa nimekaa."

Nikamuahidi nitanyamaza. Sikuwa na raha na ahadi ile hata siku moja. Kila gari la mchanga lilipopita kwa kasi barabarani, moyo wangu uliruka. Nilijiona nikimzika, halafu nikimsimulia binti yake kwamba nilijua. Lakini nilikuwa nikimwona pia asubuhi, viatu vinang'aa, anamfuata Doria kuelekea bondeni, na nikawa sina ulimi wa kumnyang'anya hayo.

Yakaja mavuno ya karafuu. Wakati huo kijiji kizima kinanuka karafuu na majamvi yanatandikwa kila mahali penye jua: uani, viwanjani, kandokando ya njia. Kukanyaga karafuu za mtu ni kumkanyaga mwenyewe. Mtoto wa miaka minne anajua kuzunguka. Asubuhi hiyo Bi mmoja, mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu, alianika jamvi lake mahali ambapo hakuwahi kuanika, katikati ya njia ya kwendea kisimani. Doria alikuwa ametoka kuvuka kijito, miguu imelowa chapa. Akapita juu ya jamvi. Na Mwalimu nyuma yake, viatu na vyote, katikati ya karafuu za Bi.

Alasiri, baada ya sala, tukabaki barazani nje ya msikiti. Bi aliletewa kiti upande wa pili, kajifunika ushungi, na shangazi yake pembeni. Shehe wetu ni mtu mpole, alisoma darasa moja na Mwalimu utotoni, na niliona wazi kwamba jambo lile lilimkera.

"Mwalimu," akasema, "watu wananiuliza nami sina la kuwajibu. Mbwa wa kuwinda twamjuwa. Wa shamba twamjuwa. Yuno wako, leo kaingia kwenye chumo la mtu na maji miguuni. Hebu tuambie bila ya mzaha. Ana kazi gani? Kama hana, basi mrudishe kwa wasasi kabla ya Ijumaa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alikaa na mikono juu ya magoti, uso kauelekeza kwenye sauti ya Shehe. Nilikuwa nimekaa mkono wake wa kushoto, na neno liko mdomoni mwangu limejaa kama tonge. Nikifungua mdomo, mbwa anabaki na Mwalimu anaondoka. Nikifunga, Mwalimu anabaki, na bila mbwa hatafika hata kisimani. Nikafunga.

Mmoja wetu akasema karafuu zilizoharibika zilipwe, yaishe. Bi akakataa.

"Sitaki kulipwa," akasema. "Mie nlikuwa nimekaa hapo hapo mlangoni. Nikamwambia, chei chei Mwalimu. Kanigeuzia uso, kaniitikia, tena kwa ucheko, na huku yuko juu ya karafuu zangu. Ananicheka. Alinisomeshea wanangu watatu. Nimemkosea nini mie?"

Nikamwona Mwalimu anabadilika. Maneno ya Shehe yalikuwa hayajamgusa, na habari ya kumpoteza mbwa alikuwa tayari kuipinga kimyakimya mpaka mwisho. Lakini kwamba Bi yule amekaa tangu asubuhi akijiuliza kosa lake, hilo hakuliweza. Akasimama. Akageukia upande wa sauti yake, akakosea kidogo, akawa anazungumza na nguzo.

"Bi, nisamehe. Sikukucheka. Nlifurahi kusikia sauti yako. Jamvi sikuliona. Nawe sikukuona. Mie sioni."

Bi akashusha ushungi kumtazama vizuri, akamwona alivyoielekea nguzo, akaanza kulia.

"Tangu lini?" Shehe akauliza.

"Tangu mpunga wa mwaka jana."

"Na yuno mbwa?"

"Ndiye anayenipeleka. Na msikitini hapa pia ndiye anayenileta, ananiacha pale kwenye mnazi. Ndio maana kila siku nafika mapema, sitaki mnione napapasa pa kuweka viatu."

Shehe akafuta uso kwa kiganja. "Basi ana kazi," akasema. "Na atakayemtupia jiwe, akutane na mie kwanza." Bi akasema zile karafuu zilizokanyagwa atazitoa mwenyewe na jamvi atalikosha. Mwalimu akasema jamvi atakuja kulikosha yeye, udongo anao. Na kweli alikwenda, akahesabu mpaka saba, Bi amekaa pembeni anamwelekeza palipobaki.

Kijiji kina simu. Kabla ya magharibi binti alikuwa ameshajua, na siku ya tatu akateremka uwanja wa ndege wa Chake na begi dogo na tiketi mbili za kurudia. Hakumgombeza baba yake. Alikaa naye uani, akambusu mkono, akalia, kisha akaanza kukunja nguo zake kwenye begi. Mwalimu hakubisha, maana ahadi ni ahadi. Aliomba kitu kimoja: zimebaki njia nne daftarini hazina picha za maana, amalizie hizo, kisha watakwenda. Binti akaona ni haki. Tiketi akazisogeza mbele kwa wiki moja.

Nilikutana nao siku ya njia ya nne. Nilikuwa nimefunga duka mapema kwa makusudi, niwahi kumuaga. Niliwakuta kwenye mteremko wa kuingia bondeni, upande wa mashariki, mpunga umeanza kugeuka rangi. Doria mbele, Mwalimu nyuma yake, na binti nyuma ya baba na kamera mkononi. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini, tope limefika vifundoni.

"Hapa inachoka," Mwalimu akasema. "Tazama kulia, kuna mti wa mfenesi umeinama."

"Umeinama," akasema binti.

"Chini yake pana jiwe. Mama yako alikaa hapo siku nilipomleta kwa mara ya kwanza. Alivua viatu, akasema harudi kwa miguu, nimbebe."

"Ukambeba?"

"Nlimbeba mpaka pale kwenye mgomba. Halafu akasema ninatembea vibaya, akateremka."

Binti akacheka kwa sauti. Akapiga picha ya lile jiwe, akaitazama, akapiga tena. Nilisalimia. Mwalimu akanijua kwa hatua, akaniita Muongo wa Homa mbele ya bintiye. Nikacheka. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuagana na sikukumbuka hata moja.

Binti akanivuta pembeni, si mbali.

"Kaka, picha zote ziko kwako, kwenye kompyuta. Baba ananiambia zipo nyingine hakuziandika. Kila nikimuuliza ni ngapi, anageuza maneno. Nambie kweli wewe. Zimebaki ngapi?"

Hii ilikuwa ya mwisho. Nilijua hivyo kama ninavyolijua jina langu. Sitini na nne, zote zina alama ya wino, na Mwalimu amesimama hatua sita kutoka kwetu, uso ameuelekeza bondeni, anasikia kila neno wala hajitingishi. Hakunikoholea. Aliniachia.

"Nyingi, dada," nikasema. "Za upande wa Wingwi hata hatujazigusa."

"Nyingi vipi?"

"Likizo yako haitoshi."

Akanikazia macho, na niliona kabisa kwamba ameujua uongo wangu, jinsi ulivyo, na ulikotoka. Akamtazama baba yake. Akaitazama kamera, akafuta tone la tope kwenye kioo chake kwa ncha ya mtandio. Kisha akatoa simu, akapanda kilima kidogo kutafuta mtandao awapigie wa ofisini, na sote wawili, Mwalimu na mimi, tukasimama tukimsikiliza.

"Hapana, mgonjwa hayupo," alikuwa akisema. "Tunatembea tu. Jumatatu msinitazamie."